Aliyetangulia Bujumbura

Hanifa alilifunga begi kwa mikono yake mwenyewe. Alivuta zipu mpaka mwisho, akalikalia kidogo ili lishikane vizuri, kisha akaenda jikoni kuutazama wali wake wa nazi. Aliporudi chumbani begi lilikuwa pale pale kitandani, zipu imefungwa, lakini limesinyaa kama tumbo la mwenye njaa. Alilifungua. Hamkuwa na kitu ndani.

Nguo zake zote zilikuwa zimerudi kabatini. Tena zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikunja yeye, pembe juu ya pembe, kama sanda mpya dukani. Viguo vya mtoto tu ndivyo vilivyobaki nje. Vilikuwa vimepangwa sakafuni mstari mmoja, na kila kimoja kimechanwa katikati, tangu shingoni hadi chini. Chumba kizima kilinukia udi, na chini ya ule udi mlikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Baba Twaiba," aliita, "ni wewe uliyelifungua begi?"

Jaafar, mumewe, alitokea mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, kwani alikuwa seremala, vitanda vya hoteli nyingi za Diani vilipita mikononi mwake. Alivitazama vile viguo.

"Viokote," alisema kwa sauti ya chini. "Na habari za safari usizitaje tena humu ndani."

"Kwa nini?"

Jaafar alichukua kofia yake akatoka kwenda msikitini, na hata adhana ilikuwa bado.

Hanifa aliviokota viguo huku moyo ukimchemka. Twaiba alikuwa mwanawe wa pekee. Aliolewa na mfanyabiashara wa vitenge, Mswahili wa Buyenzi huko Bujumbura, na tangu alipopanda gari na mumewe kuvuka mpaka, mama hakumtia tena machoni. Mimba za Twaiba ziliharibika moja baada ya nyingine, na kila mara Hanifa alilia naye kwa simu, mmoja huku pwani na mwingine kule ziwani. Sasa Mungu alikuwa amempa mtoto wa kiume. "Njooni, mama," Twaiba alikuwa akimwambia kila siku. "Nitawapandisha huku milimani muuone mji wote chini yenu, na ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo." Hanifa hakuwahi kwenda mbali kuliko Tanga. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akikusanya leso, pweza mkavu, mkeka wa ukindu, na kila usingizi wake ulikuwa na ziwa ndani yake.

Hakuwa mtu wa kuachia safari kwa sababu ya begi.

Siku ya mapumziko ya Purity, binti wa bara aliyepanga chumba cha jirani na kufanya kazi ya mapokezi hotelini, Hanifa alimwita ukumbini amwonyeshe njia kwenye simu. Jua lilikuwa utosini, mtaa mzima wa Msambweni umejilaza. Waliketi mkekani, vichwa vimekaribiana.

"Ebu ona, mama. Mnapitia Lunga Lunga, Tanga, mpaka Dar. Halafu mnapanda basi. Aki, hii mji iko na milima, ni poa sana."

Kutoka uani ulisikika mshindo wa kinu. Tu. Tu. Tu. Polepole, wa mtu asiye na haraka.

"Nani anatwanga?" Purity aliuliza.

Hanifa alisikiliza. Uani hamkuwa na mtu, na kinu kilikuwa kitupu. "Endelea tu, mwanangu," alisema. "Basi lenyewe linafika wapi?"

"Linafika hapa. Bujumbura."

Mshindo ukakoma. Kisha mchi ule wa mti mgumu ulipita mlangoni kwa ubapa, bila mkono wa kuutupa, ukampata Purity chini ya kiwiko, na mfupa ukalia kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Purity hakuwahi hata kupiga ukelele. Mchi uliinuka tena wenyewe, ukasimama hewani kama unaopima, ukashuka juu ya simu ya yule binti ukaiponda, ukainuka, ukaiponda, mpaka vioo vikawa unga mkekani. Hanifa alimkumbata yule binti kiunoni akamburura hadi barabarani, damu ikiwachora mstari nyuma yao.

"Hakuna mtu, mama," Purity alikuwa akinong'ona, macho yamemtoka. "Nimeangalia. Hakuna mtu ameshika."

Hospitalini walisema ameanguka. Jaafar aliwakuta huko, akamvuta mkewe hadi nyuma ya jengo, penye mabirika ya kufulia, ambako maji yalipiga kelele. Hata hapo alizungumza kama mwizi.

"Unakumbuka usiku wa kuzaliwa Twaiba? Nilikuacha na uchungu nikarudi kulala nyumbani."

"Nakumbuka. Sijakusamehe."

"Sikuwa na hiari, mke wangu. Umeshawahi kuniona nimelala nje ya nyumba ile hata siku moja?"

Hanifa alifikiri. Maji yalimwagika. Hakukumbuka hata siku moja.

Ndipo Jaafar akamweleza. Baba yake, marehemu Suleiman, alivamiwa na majambazi wakamuua ndugu yake mbele ya macho yake. Alipozika, alikwenda kwa watu wanaojua mambo hayo akaleta jini wa kulinda nyumba. Waliorudi kuiba walikutwa asubuhi uani wamelala chali, nyuso zimegeukia ardhini. Lakini jini naye alitaka chake, na Suleiman alimwahidi: damu yangu haitalala mbali nawe.

"Na Twaiba?" Hanifa aliuliza. "Twaiba si damu?"

"Alipoolewa nilichinja mbuzi mweusi nikamwombea. Nilidhani ameridhika." Jaafar alijifuta uso. "Hanifa, tusiende. Tumwombe aje yeye na mtoto."

"Alete mtoto mchanga ndani ya nyumba ile?" Hanifa alimtazama mpaka akainamisha macho. "Jini huyo atatolewa, na mimi mjukuu wangu nitamwona."

Walimwendea Chirau, mganga wa Matuga, mtu mnene mwenye duka la vyakula vya kuku, aliyesomea Kurani na akarithi pia mizizi ya babu zake Wadigo. Hakuwaahidi makubwa. Aliwaambia atakuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri, na wao wasiweke kisu wala panga mahali palipo wazi.

Hanifa alivificha visu vyote. Msumeno wa Jaafar, uliokuwa karakanani kando ya ukumbi, hakuukumbuka.

Alhamisi hiyo walichelewa kula chakula cha mchana, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Hanifa aliona mumewe anachota wali kwa mkono wa kushoto. Alitaka kumkanya, kisha akaisikia ile harufu, udi na nywele zilizoungua, ikimtoka mumewe kinywani kila alipotafuna.

"Baba Twaiba?"

"Mnanihama," Jaafar alisema, na haikuwa sauti yake, ilikuwa nene, ya adabu, sauti ya mgeni aliyekaa siku nyingi. "Nimewalinda mlipolala, nimewavunjia shingo adui zenu, na leo mnanihama."

Alinyanyuka, akaupiga uso wake ukutani, mara moja, mara nyingine, kwa utulivu wa mtu anayepigilia msumari, mpaka meno yakadondoka juu ya sahani ya wali, na Hanifa alipomrukia kumzuia alimshika nywele akamtupa hadi karakanani kama anavyotupwa paka, akamfuata na kuuangua msumeno ukutani, na Hanifa akatambaa chini ya meza ya kazi huku meno ya chuma yakila mbao juu ya kichwa chake, yakila bega lake, yakirudi na kwenda, na katikati ya kilio chake mwenyewe akasikia kilio kingine, chembamba, cha mumewe halisi, kikitoka mbali ndani ya kifua kile kile, kikisema, kimbia, kimbia, Hanifa, kimbia.

Pikipiki ya Chirau iliingia uani wakati huo huo. Hakuuliza wala hakubisha. Alimwagia Jaafar usoni chupa nzima ya kombe, maji ya zafarani yaliyoandikiwa aya, na msumeno ukaanguka. Akamkalia kifuani, akambana kidole gumba, akawasha mvuje na uvumba mpaka nyumba ikawa haionekani, na akaanza kusoma.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Umepewa na nani?"

"Na Suleiman. Alinipa kuta hizi na damu yake. Kuta nimezilinda. Damu inanikimbia."

"Aliyekupa amekufa. Toka!"

Mwili wa Jaafar ulikunjuka kama upinde. Chirau, na unene wake wote, alirushwa akagonga dari, akashuka juu ya jiwe la kizingiti, na mbavu zake zikasikika zikivunjika. Alirudi kwa magoti, damu ikimchuruzika puani, akakidaka kile kidole tena, akaendelea kusoma pale pale alipoachia.

"Nakuapisha kwa jina la Mola wako! Toka kwa mtu huyu, toka nyumba hii, toka Msambweni, wala usirudi!"

Ile sauti ya adabu ikasema, "Mtu huyu. Nyumba hii. Msambweni."

"Hivyo hivyo!"

"Nimekubali."

Mabati yalinyanyuka upande mmoja yakarudi kwa kishindo. Nje, upepo wa bahari ulikuwa ukivuma kama kawaida, lakini minazi yote ya nyuma ya nyumba iliinama kinyume chake kwanza, kisha ya jirani, kisha ya mbali zaidi, ukanda mmoja tu wa minazi ukiinamia bara, upande wa machweo, mpaka usionekane tena.

Jaafar alifumbua macho. "Hanifa," alisema kwa kinywa kilichobomoka, na ilikuwa sauti yake. Hanifa alimshika kichwa akalia kwa nguvu, bega lake likimlowesha mumewe damu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliisikia nyumba ile ikiwa haina mtu wa ziada.

Majirani walikuja, wakawafunga majeraha, wakatafuta gari la kuwapeleka hospitalini. Chirau aliegemea ukuta akishika mbavu, akakubali chai. Jua lilikuwa bado halijatua pale simu ya Hanifa ilipolia. Ilikuwa Twaiba, na sauti yake ilijaa kicheko.

"Shikamoo mama! Nyinyi watu, mbona hamkuniambia?"

"Marahaba, mwanangu. Kukuambia nini?"

"Kwamba baba anakuja! Amefika sasa hivi, peke yake, hata begi hana. Namuuliza mama yuko wapi, anatabasamu tu. Amemchukua mtoto, wamekaa barazani, anamwonyesha ziwa."

Hanifa aligeuka. Jaafar alikuwa amelala mkekani, kitambaa cha damu mdomoni, na alikuwa amesikia kila neno. Chirau aliiangusha chai.

"Twaiba," Hanifa alisema. "Mwanangu, nisikilize. Usiulize kitu. Mchukue mtoto. Mnyang'anye mtoto, utoke, ukimbie!"

"Mama? Mbona unanitisha? Haya, ngoja basi nikupe baba uzungumze naye."

Simu ilipita kutoka mkono hadi mkono. Mtoto alikuwa akilia kwa karibu, kisha akanyamaza ghafla. Na sauti ya Jaafar, ya upole, yenye meno yake yote, ikasema:

"Usijisumbue na safari, mke wangu. Mimi nimeshafika."