Leseni ya Mashine Nne

Leseni ilikuwa ya mashine nne, na orodha ilionyesha tano.

Nelius alihesabu tena kwa kidole. Alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, na tangu asubuhi hakuwa ametoka kwenye kiti kibovu cha chumba cha mashine, katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa pale Embu. Mwaka huo wa 1997 chama kilikuwa kimewekewa programu ya kuchunguza afya ya seva, zile kompyuta kuu za ofisi: joto la kila moja, umeme wake na kasi ya feni yake. Kabatini zilikuwa nne, kila moja na jina lake. Ya tano haikuwa na jina. Joto lake lilikuwa digrii thelathini na saba, na feni yake ilizunguka mara kumi na sita tu kwa dakika. Hakuna feni inayozunguka hivyo. Hivyo ndivyo mtu anavyopumua akiwa amelala.

Na idadi ikizidi leseni, programu hujifunga. Akampigia simu Vincent, fundi aliyeiweka.

"Madam, hiyo system imejichanganya," Vincent alisema kutoka Nairobi. "Ifute tu."

"Inakataa. Inasema haiwezi kufuta kitu haina jina."

"Basi ipatie jina, any name, halafu ufute. Usijisumbue."

Uchovu ni kitu kibaya. Humfanya mtu afungue mlango kabla ya kuuliza ni nani anayebisha. Nelius aliandika jina lililokuwa karibu na ulimi: Ngari. Lilikuwa jina la baba mkwe wake, na kwa desturi ndilo lililomngoja mtoto wake akizaliwa wa kiume. Alipobonyeza, feni ikaruka kutoka kumi na sita hadi mia moja na arobaini. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha. Akabonyeza kufuta, programu ikajibu kwamba Ngari yuko kazini, hafutiki. Tumboni mtoto akatulia.

Siku mbili mtoto hakucheza. Siku ya tatu Nelius alimweleza mama mkwe wake, Gatwiri, mama wa kanisa kutoka kijiji cha Ruiri, aliyekuwa amekuja kuwatembelea nyumbani kwao mtaa wa Majimbo.

"Ama ni jini? Lakini majini si ni ya Mombasa, mama?" Nelius aliuliza.

"Wacha mambo ya Mombasa," Gatwiri alinong'ona. "Umepatia mwingine jina ya mtoto. Kwetu mtu akishapewa jina, amezaliwa. Sasa hiyo kitu imezaliwa, na wako amebaki hivyo tu, bila jina."

"Nifanye nini? Mama, nimechoka. Naogopa sana."

"Mtoto anaitwa. Akisikia jina yake, atarudi."

Saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wengine walipokwisha kwenda zao, wawili hao waliingia chumba cha mashine na kufunga mlango, na ile harufu ya maziwa ikawapokea, na nyuma ya kabati kukasikika pumzi za haraka kama za mtoto mwenye homa, zikipanda na kushuka, huku Nelius akijishika tumbo lililokuwa zito na baridi, akimwomba Mungu amwachie huyu mmoja tu. Gatwiri akaweka kiganja juu ya lile tumbo, akainua sauti.

"Ngari, toka huko! Rudi kwa mama yako!"

Aliita mara tatu. Pumzi zikapungua, zikakatika. Orodha ikabaki na mashine nne. Kisha mtoto akapiga teke kali, na wanawake hao wakakumbatiana wakilia. Usiku huo Nelius alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nzima.

Asubuhi walikwenda kliniki. Muuguzi, Makandi, aliweka kipembe chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto upande wa kushoto wa tumbo, akatabasamu.

"Mtoto yuko sawa. Moyo unakimbia vizuri."

Akahamishia kipembe upande wa kulia. Akasikiliza kwa muda mrefu, tabasamu likamtoka.

"Mama, uliambiwa ni mapacha?"

"Hapana. Ni mmoja."

"Kuna mwingine. Huyu moyo yake siisikii kabisa." Makandi aliteremsha sauti. "Lakini anapumua."

Gatwiri alikaa chini sakafuni, mikono kichwani.

"Mimi niliita Ngari," alisema. "Na Ngari ilikuwa ile kitu. Wako bado hakuwa na jina."