Mjane wa Magloire

Jua lilikuwa limeanza kujificha Wivine aliposhuka kwenye pikipiki pale Kibumba. Kompyuta ya mkononi ilikuwa mkobani, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Alimwambia mwenye pikipiki amngoje barabarani, hatakawia.

Kompyuta yenyewe aliinunua mtumba huko Birere, mjini Goma, kwa akiba yake yote. Alikuwa ameahidiwa kazi ya ukatibu, na sharti lilikuwa moja tu: Jumatatu aje na mashine yake. Sasa mashine haifunguki! Ukiiwasha, kabla ya picha yoyote, kufuli ndogo inatokea kwenye kioo cheusi na kudai neno la siri. Mchumba wake Julien, fundi wa kompyuta mtaani Katindo, aliifungua mgongo, akatoa betri ndogo ya ndani, akaiacha hivyo mchana kutwa. Akairudisha. Kufuli ileile.

"Hii mot de passe haiko mu Windows," Julien alimwambia. "Iko mu carte-mère yenyewe, ile chuma kubwa ya ndani. Mwenye machine njo anaijua."

Na mwenye mashine alikuwa amekufa. Muuzaji alilisema hilo bila haya: kijana mmoja, Magloire, alilala bondeni kando ya barabara ya Sake, mazuku ikamuua. Goma kila mtoto anaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe na kutambaa mabondeni. Haina rangi, haina sauti. Unainama kufunga kiatu, huinuki. Kijana alimwacha mama yake tu, huko Kibumba.

"Enda umwambie weye na mutoto yake mulikuwa fiancés, mungeoana," Julien alisema huku akicheka. "Umwambie uko na mimba. Mama gani atakunyima mot de passe?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Julien alikitaka cha mvunguni, akamwinamisha mwenzake.

Mama wa Magloire, Mama Mukamugema, alikuwa ameketi nyuma ya mlango uliorudishiwa nusu, akimenya viazi.

"Hodi, mama."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Mama hakuitika mpaka Wivine aliposogea na uso wake ukaonekana kwenye mwanga wa moto. Huko, magharibi ikishaingia, hawaikaribishi sauti tupu isiyo na uso.

"Karibu, mutoto yangu."

Wivine akaumwaga uongo wote, kwa sauti ya chini, macho chini. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akamtazama tumbo kwa muda mrefu.

"Mimba ya Magloire?"

"Ndiyo, mama."

"Apa."

Moshi wa kuni ulimwingia Wivine machoni. "Naapa."

Mama akaanza kulia. Akamkumbatia, akamwita mukaza mwana wangu, akamlazimisha ale kiazi cha kwanza kilichoiva. Aibu ilimchoma Wivine kweli kweli, lakini Jumatatu ilikuwa haingoji mtu. Akauliza habari ya neno la siri, eti anataka picha zao zilizobaki ndani.

"Mimi sijue mambo ya machine," mama alinong'ona. "Lakini kila kitu alikuwa anakifunga na jina yenye nilikuwa namuita akiwa mutoto. Alizaliwa mbele ya siku yake, mudogo sana, mukono moja inamutosha. Gatoya."

Wivine aliinuka upesi. Mama akamshika mkono. Akachana ukingo wa nguo yake ya kilio, akakifunga kile kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono wa Wivine, fundo juu ya fundo.

"Mujane hatoke kwa mama mukwe mukono mutupu."

"Na... nani atakifungua, mama?"

"Mwenye kufunga njo anafungua. Siku ya kumaliza kilio."

Nitakikata kwa mkasi, Wivine alijisemea, akaikimbilia pikipiki.

Mkasi uliteleza. Julien alijaribu mkasi wake wa kukatia nyaya, kisha kisu, kisha wembe. Haukutoka hata uzi mmoja. "Kitambaa ya zamani hii," alisema. "Iko nguvu." Akaacha kucheka, akajitia kuwa na kazi nyingi.

Kesho yake, giza likianza kuingia, walikuwa wawili tu kwenye kibanda cha mbao cha Julien. Umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa amewasha mishumaa miwili, mmoja mezani, mwingine sakafuni karibu na mlango. Wivine akaiwasha kompyuta. Kufuli ikatokea. Akaandika jina lile kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi...

Kufuli ikatoweka.

Julien alipiga makofi! Kioo kikang'aa, maneno ya kumkaribisha mwenyewe yakajitokeza, naye akayasoma kwa sauti kubwa, kwa furaha: "Bienvenue, Magloire!"

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, ya chini, nje ya mlango. Wivine akamkamata Julien mkono.

"Usiitike," alinong'ona. "Tuone uso kwanza."

"Ni client tu, weye." Akapaza sauti. "Karibu!"

Mlango haukufunguka.

Mshumaa wa sakafuni ukazimika. Ule wa mezani uliendelea kuwaka, wima, bila kutikisika.

"Upepo," alisema Julien. Akachukua kiberiti, akainama.

Hakuinuka.

Wivine alipiga magoti, akamvuta, akamtikisa, akaliita jina lake na mdomo wake ukigusa mbao za sakafu. Yeye mwenyewe aliendelea kupumua kama kawaida. Kilichokuwa kimemlaza Julien kilimpitia yeye usoni polepole, kwa ubaridi, kikateremka shingoni, kikafika mkononi penye kitambaa. Hapo kikatulia.

"Bibi yangu, muke yangu," kilisema.

Majirani walipokuja walisema mazuku. Daktari naye akasema mazuku, maana maiti haikuwa na jeraha. Hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba kibanda kile kimejengwa juu ya mwamba wa lava, na mtu hukifikia kwa ngazi. Mazuku hukaa mabondeni. Haipandi ngazi, na haipigi hodi.

Ya Jumatatu Wivine hakuyakumbuka tena. Baada ya maziko alirudi Kibumba, safari hii asubuhi, akaanguka miguuni pa Mama Mukamugema. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, nilikudanganya. Magloire sikumujua hata siku moja. Nisamehe. Nifungue!"

"Nilijua."

Kisu kiliendelea na kazi yake.

"Mutoto yangu alikufa hajajua mwanamuke," mama alisema. "Kila magaribi alikuwa anakuja hapa ku mulango, anapiga hodi, anauliza bibi yake iko wapi. Mimi mama yake, sikumuitika. Nilikuwa naogopa. Halafu weye ukakuja, nikakuambia apa, ukaapa." Akatupa ganda. "Sasa haji tena. Nalala muzuri."

"Nifungue, mama, nakuomba..."

"Kilio itaisha siku mutoto atazaliwa."

"Hakuna mutoto! Ilikuwa uongo! Sina mimba, mama!"

Mama Mukamugema akaweka kisu chini. Akaunyoosha mkono wenye udongo wa viazi, akauweka juu ya tumbo la Wivine, na uso wake ukajaa upendo ambao Wivine alitamani kuukimbia na asiweze.

"Gatoya," aliita.

Ndani ya tumbo, kitu kikagonga. Kikangoja. Kikagonga tena, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliye mlangoni.