Taa ya Kijani kwenye Gari la Papa Mohamadi

Kila Jumamosi asubuhi Karima alimsaidia Tonton Benoît kuhudumia gari. Karima alikuwa na miaka kumi na miwili. Benoît, ambaye Karima alimwita Tonton, yaani mjomba, kwa heshima tu, alikuwa dereva wa baba yake, Papa Mohamadi, mfanyabiashara wa mchele katika mtaa wa Makiso, mjini Kisangani. Gari lenyewe lilikuwa jeep kubwa nyeusi, ya hibridi, yenye viti vya ngozi na vioo vyeusi. Lilikuja kwa barabara kutoka Uganda, likazama matopeni mara nyingi njiani, na Papa Mohamadi alilipenda kuliko nyumba yake.

Gari la hibridi lina injini ya petroli na injini ya umeme. Betri kubwa ya umeme iko chini ya kiti cha nyuma. Betri hiyo hupata joto, kwa hiyo feni ndogo huivutia hewa kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti. Tundu likiziba, betri huharibika, na kupata nyingine ni kazi. Ndiyo maana Benoît alifungua kichujio cha tundu hilo kila wiki na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Asubuhi hiyo lilitoka vumbi jekundu, pamoja na pumba za mchele.

"Papa yako amepakia tena mifuko ku kiti," alinung'unika. "Nilimwambia. Gari hii haiko kamio ya mizigo. Iko na pua. Pua ikifungwa, inakufa."

"Umwambie tena, Tonton."

"Nimwambie tena anifukuze? Lete brosi."

Kisha alirudia maonyo yake, kama kawaida. Nyaya za rangi ya machungwa haziguswi, umeme wake unaua. Maji hayamwagwi chini ya kiti. Mwisho alionyesha taa ndogo ya kijani mbele ya usukani.

"Na hii?"

"Ikiwaka, gari iko macho, hata kama sisikii kitu," Karima alijibu kwa haraka, kwa sababu alikuwa ameyasikia hayo mpaka yamemchosha.

"Na moteri ya petroli?"

"Inalala. Betri ikipungua inaamka yenyewe."

"Bon. Usiamini sikio. Angalia taa."

Walipomaliza walikwenda kuosha gari kando ya mto Tshopo. Mahali hapo palikuwa pamejaa. Watu walikuwa wanaosha pikipiki, teksi na toleka, yaani zile baiskeli zenye mto laini nyuma wa kubebea abiria. Mama Colette alikuwa anauza lituma, madonge ya ndizi za kupondwa, chini ya turubai lake. Benoît aliegesha juu kidogo ya ukingo, mahali penye mteremko. Kulikuwa na joto, na Karima aliomba aachiwe hewa baridi. Benoît aliacha taa ya kijani ikiwaka, akachukua bidoni mbili za kuchotea maji.

"Usishuke, iko matope. Na usiguse kitu."

Alikuwa hajafika majini Hugues alipokuja kuegemea dirisha. Hugues alisoma darasa moja na Karima, na mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Eh, Karima! Papa yako alinunua maiti? Gari haipumue."

"Haijafa. Inatembea bila kelele."

"Bila kelele! Donc munaisukumanga?" Aligeukia vijana wa toleka waliokuwa karibu. "Mumesikia? Matajiri wanasukuma gari yao, sisi tunakanyaga pedali!"

Vijana walicheka. Mmoja akasema labda gari hilo linavutwa na mbuzi, kisha wakateremka majini na baiskeli zao. Karima aliona masikio yake yanawaka moto. Akahamia kwenye kiti cha dereva.

"Simama pale uone," alisema.

Alitaka kulisogeza hatua moja tu. Alikanyaga breki, akavuta mkono wa gia kama alivyomwona Benoît akifanya, akalegeza mguu. Gari likaanza kwenda, kimya kabisa. Hugues alitoa macho. Karima alicheka. Mara mteremko ukalivuta gari kwa kasi zaidi, akashtuka, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Lakini pedali aliyoikanyaga ilikuwa ya mwendo, si ya breki.

Gari liliruka mbele. Mbele yake alikuwepo Léon, mwendesha toleka, ameinama akisugua gurudumu, mgongo wake umeelekea gari. Hakukuwa na mngurumo wa kumwonya. Gari lilimgonga, likamsukuma na baiskeli yake mpaka kwenye jiwe kubwa, likasimama. Mguu wake ulikuwa katikati. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu unaovunjwa.

Hugues alikimbia. Benoît alitupa bidoni, akaja mbio, akafungua mlango, akamsukuma Karima pembeni. Alilirudisha gari nyuma kidogo, akalifunga breki, kisha akamkamata Karima na kumtupa kiti cha nyuma.

"Lala chini! Usitoke, hata nife!"

Hakukumbuka kulizima. Alifunga mlango, akapiga magoti kumshika Léon. Ndivyo watu walivyomkuta: dereva wa tajiri, ufunguo mkononi, damu ya maskini kwenye viatu vyake.

Kisangani, gari likigonga mtu wa toleka, watu wote wa toleka huja. Hakuna anayewaita. Walikuja kutoka majini, kutoka darajani, kutoka chini ya turubai la Mama Colette. Ngumi ya kwanza ilimpata Benoît sikioni kabla hajasimama.

"Munatuua kama kuku!"

"Nisikilizeni..."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nyuma ya kioo cheusi, Karima alisikia kila neno. Alimsikia Benoît akivuta pumzi.

"Ni mimi," Benoît alisema. "Ni mimi. Munisamehe."

Hawakumsamehe. Mmoja alimpiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mwingine alimpiga teke la tumbo, na alipokunja mwili, goti likampata mdomoni. Karima aliona meno yakianguka kwenye matope. Alishika kitasa cha mlango. Mkono wake ulikataa. Tonton amesema nisitoke, alijiambia. Yeye ni mtu mzima, atawaeleza. Watachoka.

Hawakuchoka. Jiwe lilivunja kioo cha mbele, vipande vikamwagika juu ya viti. Benoît alijaribu kutambaa, wakamvuta kwa miguu wakamrudisha. Kitasa kilikuwa bado mkononi mwa Karima.

Ndipo betri, iliyokuwa inaendesha hewa baridi muda wote huo, ikapungua. Injini ya petroli ikaamka. Gari lilinguruma ghafla, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Watu waliruka nyuma.

"Hakuna mutu ndani! Inawaka yenyewe!"

"Ndoki! Gari ya ndoki! Ndiyo maana haikulia wakati inamugonga Léon!"

Hofu yao iliwafanya kuwa wabaya zaidi. Mtu aliyekasirika anaweza kutulia. Mtu anayeogopa uchawi anataka moto. "Choma! Choma na mwenyewe!" Kijana mwenye kofia nyekundu, aliyeitwa Rashidi, alinyakua chupa ya petroli kwa muuzaji wa kando ya barabara. Aliimwaga juu ya boneti, na iliyobaki akaimwaga kwenye shati la Benoît. Harufu iliingia kupitia kioo kilichovunjika. Rashidi akatoa kiberiti mfukoni.

Karima alipanda kutoka kiti cha nyuma, juu ya vioo vilivyomkata magoti, akaweka mikono yote miwili kwenye honi. Akaikandamiza. Honi ililia, ikalia, mpaka hakuna aliyeweza kupiga kelele juu yake. Watu walipogeuka, alifungua mlango akatoka.

"Ni mimi niliyeendesha! Tonton anadanganya ili kuniokoa! Ni mimi!"

Kofi lilimwangusha chini.

"Mutoto ametumwa," alisema aliyempiga. "Nani atamuachia mutoto kama huyu gari? Na iliwaka namna gani yenyewe?"

Karima alisimama. Mdomo wake ulikuwa na damu, na miguu ilikuwa inatetemeka.

"Haina uchawi. Iko na moteri mbili. Ya umeme haitoi sauti. Ya petroli inaamka yenyewe betri ikipungua. Njoo uone." Aliingiza mkono, akabonyeza kitufe. Mngurumo ukakatika; kwa dakika zile chache injini ilikuwa imeijaza betri kidogo. Alimwita Rashidi mwenyewe. "Ingia. Kanyaga hiyo pedali ya breki, usiiachie. Sasa bonyeza hapa. Unasikia kitu?"

Rashidi alikuwa na kiberiti mkono mmoja. Alikanyaga, akabonyeza. Hakukuwa na sauti hata kidogo.

"Hapana."

"Angalia taa ya kijani. Iko macho. Ukivuta mukono wa gia sasa hivi, inaenda. Ndivyo nilivyofanya. Yule tonton wa toleka hakusikia kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia."

Nyuma ya watu ilisikika sauti ya Mama Colette. Alikuwa anakuja amemkamata Hugues sikio.

"Huyu nimemutoa chini ya meza yangu. Anasema ameona. Sema, wewe!"

"Ni yeye," Hugues alilia. "Nilimucheka, akaingia ku kiti. Benoît alikuwa majini."

Hapo Léon aliinua kichwa kutoka kwenye jiwe. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Rashidi! Weka ile kiberiti. Nani amevunjika, ni wewe ao ni mimi?"

"Ni wewe, lakini..."

"Alors nyamaza. Sikusikia kitu. Mutoto anasema kweli. Munapiga mutu aliyekuja kunitoa, na mimi munaniacha hapa kama kuni. Nani ananipeleka hospitali?"

Rashidi alizima gari, akarudisha kiberiti mfukoni. Aliyekuwa ameshika mnyororo aliuangusha majini, akaondoka bila kumtazama mtu. Mama Colette alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye shati la Benoît ili kuondoa petroli. Dereva wa teksi aliyekuwa akiosha gari lake aliwapakia majeruhi wote wawili, na Karima akaingia nao.

Papa Mohamadi aliwakuta hospitalini. Alikuwa amepitia mtoni kwanza, ameona vioo.

"Gari yangu!" alimfokea Benoît, aliyekuwa amelala na mdomo umevimba hata hawezi kujibu. "Nilikupa gari, sikukupa baiskeli!" Alikuwa tayari amefungua mkanda wake na kuuinua.

Karima alisimama mbele ya kitanda. Safari hii hakungoja.

"Ni mimi, Papa. Tonton hakuendesha. Nipige mimi."

Mkanda ulishuka. Ulimpata begani, mara moja, kwa nguvu. Papa Mohamadi aliuinua tena. Kisha akaangalia magoti ya mwanawe yaliyokatwa, akaangalia mdomo wa Benoît, akaangalia mguu wa Léon kwenye kitanda cha pili. Mkono ulibaki juu kwa muda. Alipoushusha, aliuvaa mkanda polepole, akaenda kumtafuta daktari.

Papa Mohamadi alimlipia Léon matibabu mpaka akatembea, akamnunulia toleka mpya. Alimwomba Benoît msamaha mbele ya Karima, jambo ambalo Karima hakuwahi kumwona akilifanya. Tangu hapo mifuko ya mchele haikuwekwa tena kwenye kiti cha nyuma.

Jumamosi moja Benoît alirudi kazini. Alikuwa na pengo kubwa mbele, na mkono wa kushoto haukuinuka vizuri. Gari lilikuwa limewekewa kioo kipya. Karima alimletea maji ya kunywa, akashindwa kumtazama.

"Tonton, ulisema nisitoke."

"Nilisema. Na nilikosea." Maneno yake yalipita kwenye pengo yakiwa na mluzi. "Nilifikiri ninakuokoa. Kumbe nilikuwa ninakufundisha kujificha. Sikiliza sasa, sitarudia kama maneno ya gari. Mguu wa Léon ulivunjwa na ujinga wako. Meno yangu yalivunjwa na kungoja kwako. Ujinga, mutoto yeyote anao. Kungoja ndiko kulitaka kunichoma moto."

Karima alianza kulia. Benoît hakumbembeleza.

"Nilikuwa naogopa, Tonton. Nilingoja nipate nguvu."

"Ulipotoka ulikuwa nazo?"

"Hapana. Nilikuwa natetemeka."

"Basi. Siku nyingine ukikosa, sema ni wewe ungali unatetemeka. Usingoje nguvu. Haziji." Alimpa mswaki wa zamani. "Haya, fungua kiti. Ile pua imejaa vumbi."

Karima alijifuta macho. Kabla ya kushika chochote alikwenda mbele, akainama, akaangalia taa ya kijani. Ilikuwa imezimwa. Ndipo akafungua mlango wa nyuma.