Spika ya Mzee Cleopa

Jua lilikuwa limeegemea milima Stefano alipofika kwenye nyumba ya marehemu Mzee Cleopa, bisibisi mfukoni, bila ruhusa ya mtu. Alikuja kuchukua spika tu. Ndivyo alivyojiambia.

Huyu Stefano alikuwa fundi redio wa Kilosa. Mikono hodari, kichwa kigumu. Tangu mwaka wa Uhuru aliwaimbia watu wimbo mmoja: nunua redio ya Hartona. Na kweli, Hartona za enzi hizo zilikuwa za sanduku la mbao, ukifungua moja, ua mzima unasikia. Hizi zilizokuja wakati wa Operesheni Vijiji zilikuwa plastiki tupu, zinakwaruza kabla hata betri hazijachoka. Kila mtu alijua. Stefano naye alijua, ila kukiri ilikuwa kwake sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Dada yake Magreti, mjane wa kijiji kipya cha Msowero, alinunua moja kwa neno lake. Miezi mitatu, ikanyamaza.

Mzee Cleopa alikuwa na ile ya zamani. Alikataa kuhamia kijijini, akafia kwake peke yake, na redio yake ikafunikwa shuka. Ndiyo desturi: redio ya nyumba yenye msiba haifunguliwi, wala vitu vya marehemu havigawanywi, mpaka matanga yaanuliwe. Zilibaki siku tisa.

"Subiri, fundi," Bibiana, binti wa marehemu, alimwambia. "Baba bado yumo ndani."

Stefano hakusubiri. Aliona heri amwibie maiti kuliko Magreti aseme kisimani kwamba kaka yake ni mwongo.

Ndani kulinuka ugoro na udongo mbichi. Akafunua shuka. Skrubu ya kwanza... ya pili...

"Hartona bado ni ileile?"

Kizingitini alikaa mzee, blanketi limemfunika hadi usoni.

"Shikamoo," Stefano akasema.

Mzee hakuitikia. Stefano hakuwahi kumwona mzee akiacha shikamoo ya mtu idondoke hivyo.

"Nimekuuliza. Bado ni ileile?"

"Ni ileile, mzee wangu. Haijabadilika."

"Kama mpya ni nzima, hii ya zamani unaitakia nini?"

Stefano akainamia skrubu ya mwisho.

"Chukua," mzee akanong'ona. "Nitakuja kuisikiliza."

Alipoinua macho, kizingiti kilikuwa kitupu. Harufu ya ugoro tu...

Angeirudisha spika, mambo yangeishia hapo. Lakini aliikumbatia, akateremka mbio hadi kwa Magreti na kuifunga kwenye redio mpya. Ikaingia kana kwamba ilipimwa. Magreti alikuwa anasonga ugali. Sauti ilipotoka alicheka kwa furaha, maana ilikuwa nzito, safi, sauti ya mwaka wa Uhuru.

Yalikuwa matangazo ya vifo.

"Bwana Stefano Lemanya, fundi redio wa Kilosa, anasikitika kutangaza kifo cha dada yake Magreti, kilichotokea leo jioni kijijini Msowero. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu wote wa Mikumi na Ruhembe..."

Mwiko ukamdondoka Magreti.

Stefano akachomoa betri.

Sauti ikaendelea.

"Mbovu hii!" akapiga kelele. "Hartona za siku hizi ni takataka, zinaropoka! Usiisikilize, dada yangu. Nilikudanganya. Nimewadanganya watu wote!"

Alikuwa analia. Hakuwahi kuomba kitu maishani kama alivyoomba redio ile iwe mbovu.

"Kaka," Magreti akasema polepole, "miezi yote hii nakuambia... leo ndiyo unakubali?"

Akaketi chini, mkono kifuani. Hakuinuka tena.

Asubuhi Stefano alikuwa posta ya Kilosa, kupeleka tangazo redioni. Alijaribu kuliandika kwa maneno mengine, yakamjia yaleyale, hata "leo jioni" na "kesho". Karani Kasiani alilisoma mara mbili.

"Pole sana, fundi. Lakini hili si lilisomwa jana? Nimelisikia mwenyewe, neno kwa neno."

"Kwa redio gani?"

"Hartona. Ile mpya uliyoniambia ninunue." Kasiani alijaribu kutabasamu. "Ilikuwa inakwaruza, jana jioni ikawa safi ghafla. Nikasema kumbe fundi hakukosea."

Stefano akashika meza. Nyumba zilizonunua kwa neno lake zilimpita kichwani, za Kilosa, za Mikumi, za Ruhembe, mpaka hesabu ikampotea.

"Izime," akanong'ona. "Nenda kaizime sasa hivi."

"Betri nilitoa jana, fundi. Inaendelea kusoma majina. Nilipotoka nyumbani ilikuwa imeanza ya mtaa wetu."