Ladha ya Mwisho Ilikuwa Kahawa

"Wewe ngoja uionje," Mukiri alisema huku akiponda viazi na mahindi ya mukimo jikoni. "Kwanza ni uchungu mpaka unataka kutema. Halafu inaleta maembe, na ganda la chungwa. Ukishameza ndio unasikia kahawa."

Kinya alicheka. Tangu binamu yake aende kufanya kazi benki huko Embu, hakukuwa na kitu asichokijua. Wasichana hawa wawili walilelewa pamoja, wakalala kitanda kimoja mpaka kidato cha nne, na Mukiri ndiye aliyemkutanisha na mchumba wake, Ndambiri. Siku ya furaha kama hii, nani angeuliza binamu amejuaje ladha ya bia?

Nje kwenye hema, watu wa Ndambiri walikuwa wameketi tangu saa nne. Walikuja na mbuzi, blanketi, sukari, na kreti mbili za bia isiyo na lebo. Ndambiri hutengeneza bia katika kiwanda kidogo mjini Embu, na hii aliipika mwenyewe kwa ajili ya posa. Ilikuwa ile inayoitwa IPA, iliyojaa hops, maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu ya matunda. Wiki tatu nzima alikuwa akimtumia Kinya meseji moja:

"Babe, mbali na mimi hakuna mtu ameionja. Wewe ndio wa kwanza."

Na Kinya, mwalimu mzima wa sekondari, alikuwa akiisoma mara kumi kwa siku. Alikuwa amependa, tusimlaumu.

Kwa Mzee Kailemia, baba yake, hapo Githongo, wazee hawagusi pombe ya posa kabla msichana hajaionja na kuulizwa. Mzee mwenyewe ni mtu wa kanisa, angemeza funda moja tu kwa heshima. Lakini msichana akikubali na wazee wakanywa, basi, ameshaolewa.

Kinya aliitwa. Ndambiri alimimina, povu likapanda mpaka ukingoni, akampa glasi kwa mikono miwili. Kinya akaonja. Uchungu ulimkamata ulimi, akakunja uso, wazee wakacheka. Kisha yakaja maembe, na ganda la chungwa. Alipomeza, koo likamletea kahawa.

Akashusha glasi polepole.

"Umeweka kahawa?"

Ndambiri alitabasamu kwa fahari. "Umeisikia. Ni ile kilo ya kahawa ya shamba la mzee wako uliyonipa Desemba. Hata kazini hakuna mtu nimeambia. Nilitaka wewe ndio uigundue."

"Na nani mwingine ameionja?"

"Hakuna. Chupa zote zimekaa kwangu, chini ya kitanda, mpaka leo asubuhi."

Mukiri alikuwa ametokea mlangoni na sinia ya mukimo. Kinya alimtazama.

"Mukiri ameionja," alisema. "Ameniambia maembe, chungwa na kahawa. Saa hii, jikoni."

"Aah, huyo alipita siku moja kunisalimia," Ndambiri alisema.

"Mimi sijawahi kufika kwake," Mukiri alisema.

Walisema karibu kwa pamoja, na jamaa wa pande zote mbili wakasikia. Mzee mmoja wa Embu aliinamisha kichwa. Mukiri aliweka sinia chini, machozi yakimtoka.

"Kinya, ilikuwa mara mbili tu."

Mara mbili tu, alisema hivyo, kana kwamba anaomba apunguziwe bei. Kinya alitaka kumpiga, akataka pia kukimbia. Zaidi ya yote alitaka kuwa hajasikia. Bado alimtaka Ndambiri, na hilo ndilo lililomtia aibu kubwa.

Mzee Kailemia hakupandisha sauti. Alimwuliza kama ilivyopaswa kuulizwa.

"Mwanangu, tunywe?"

Kinya alipiga funda jingine. Ilikuwa bia nzuri. Mwanamume huyu alikuwa ameipika kwa akili yake yote, akaweka ndani kahawa ya baba yake Kinya, kisha akamwonjesha mwingine kwanza.

"Hapana, baba. Msinywe."

Mzee alipindua glasi yake tupu juu ya meza. Wengine wakafuata, hata wale wa Embu. Mbuzi alifunguliwa kamba, kreti zikarudishwa garini.

Kabla gari lao halijafika barabarani, simu ya Kinya iliita mara tatu, kisha meseji ikaingia:

"Nakupenda wewe. Naomba tu dakika tano."

Akajibu:

"Mlisahau chupa moja. Nimeimwaga kwa shina la kahawa."

Akazima simu, akaingia jikoni, akaketi mbele ya sufuria ya mukimo ulioachwa nusu. Maembe yalikuwa yameshatoka mdomoni. Uchungu ulikuwa bado upo.