Nilifukiza Udi Kuficha Kidonda cha Mama

Nina miaka thelathini na sita, naishi Mbagala, na kazi yangu ni kutengeneza udi na kuuuza. Wasomaji wenzangu, msinihurumie kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza mnihukumu mnavyotaka... mimi nilishajihukumu siku nyingi.

Nilikuwa naishi na mama yangu, wawili tu. Mama ana ugonjwa wa sukari wa muda mrefu, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Asubuhi moja kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye chetezo changu, nikalitafuta nisilione. Kumbe mama amelikanyaga! Alikuwa amesimama juu yake anatandika kitanda, wala hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya nyama inayoungua, nikapiga kelele. Mama akashangaa napiga kelele za nini.

Lilikuwa jeraha dogo chini ya kisigino, ukubwa wa kifuniko cha soda. Baada ya wiki mbili, katikati pakawa peusi. Nikampeleka zahanati. Nesi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akachukua mkasi na kibanio, akaanza kuikata ile sehemu nyeusi. Mama anapiga soga tu, haumii. Mimi ndiye niliyeshikwa na kizunguzungu. Alipomaliza, kidonda kilikuwa kikubwa mara mbili, chekundu, kinatoka damu!

Nikamuuliza kwa ukali, mbona tumekuja na kidonda tunaondoka na shimo?

"Dada, ile nyeusi ni nyama iliyokufa," akanijibu. "Ikikaa hapo kidonda hakiponi, na usaha unajificha chini yake. Hiyo damu unayoiogopa ndiyo nyama nzima. Mlete tena keshokutwa, na dawa zake za sukari asiache."

Nilimwitikia vizuri. Moyoni nilikuwa namtukana. Nikajiambia huyu anamkatakata mama yangu bure... Hatukurudi tena.

Lakini niseme ukweli wote, maana ndiyo sababu ya kuandika. Haikuwa hofu ya mkasi peke yake. Wakati huohuo nilikuwa nimepata mchumba. Shabani, fundi friji wa Temeke, mpole, mswalihina. Katika umri wangu! Majirani walishanitania kwamba nitaolewa na chetezo. Na mtaani kwetu mguu mweusi unaonuka wanauita donda ndugu, wengine wanaamini linatembea kwenye ukoo. Mchumba akisikia hayo, si posa yangu ingeota mbawa?

Nikaanza tiba yangu mwenyewe. Nilifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, nikawa namwaga ule unga kwenye kidonda asubuhi na jioni. Kikakauka! Kikafunga gamba jeusi, gumu, hakitoi damu wala maji. Nikamwambia mama, unaona sasa? Mama akasema kweli, wala hakimuumi. Nani angejua kwamba kule kutouma ndiko kulikokuwa kubaya?

Kisha ikaja harufu...

Kwanza nilidhani panya amefia darini. Nikatafuta darini, nikatafuta chini ya kitanda. Niliposogea mguuni kwa mama nikajua. Basi nikafanya ninachokijua: nikafukiza udi. Asubuhi udi, mchana udi, jioni udi. Jirani akaniuliza kwa kicheko kama bwana harusi ameshahamia. Nami nikacheka naye!

Mama akaanza kupata homa. Anatetemeka na jua la Mbagala lote lile. Siku moja akaniambia taratibu, "Mwanangu, twende tena kwa yule nesi."

"Mama, posa ni Jumapili," nikamwambia. "Siku nne tu. Wakishaondoka nakupeleka."

Akanyamaza. Jamani, alinyamaza kwa ajili yangu!

Jumapili alasiri wakaja. Wanaume walikaa barazani na mjomba wangu, na kwa wanawake alikuja Bi Tatu, shangazi yake Shabani, ndiye aliyemlea. Akataka kumwona mama yangu, kama ilivyo desturi. Nikamwambia mama amekwenda Mkuranga, kwenye msiba. Hata mjomba nilikuwa nimemdanganya hivyohivyo. Na mama yangu yuko chumba cha nyuma, pazia tu kati yetu, anasikia kila neno! Chetezo nilikiweka mlangoni kwake, moshi unapanda.

Bi Tatu alikunywa chai kidogo. Akaweka kikombe chini, akanusa. Akanusa tena. Akanyanyuka bila kuuliza, akakisogeza chetezo kwa mguu, akafunua pazia.

Mama alikuwa amejifunika khanga mpaka kichwani. Amejificha... mama mzima, anajificha nyumbani kwake!

"Kumbe Mkuranga kwenyewe ndiyo huku?" Bi Tatu akasema. Kisha akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono yake. "Shikamoo dada. Pole. Nyie huko nje, iteni bajaji!"

Hospitali daktari aliinua lile gamba langu kwa kibanio. Usaha ukamwagika. Chini yake palikuwa na uwazi mpaka kwenye mfupa, na weusi ulishapanda juu ya kifundo. Akaniuliza nani alifunga kidonda hiki kwa unga. Nikajionyesha kwa kidole. Akasema nyama ile iliyokufa ingeendelea kuondolewa tangu mapema, mguu ungekuwa na nafasi. Sasa kilichobaki ni kuokoa mtu.

Mama yangu akakatwa mguu chini ya goti.

Siku ya tatu Bi Tatu alikuja wodini na uji. Akamnywesha mama, akamfuta mdomo, ndipo akanigeukia. "Mie sina neno na kidonda," akasema. "Marehemu mume wangu nimemuosha donda miaka miwili. Neno langu ni lile pazia. Nikizeeka mie, utaniweka wapi?" Shabani hakunipigia simu tena. Nami sikumlaumu.

Ndugu zangu, nawaomba, msifunike kidonda kwa unga, wala msidanganywe na ukavu wake. Mkiona weusi, mkisikia harufu, mpelekeni mgonjwa siku hiyohiyo. Harufu ilikuwa inaniita, mimi nikaizima! Mwacheni anayejua aikate nyama iliyokufa, hata kama kidonda kitaonekana kikubwa. Na mzazi hafichwi kwa ajili ya mume.

Udi bado nauza sokoni, ila nyumbani kwetu hauwashwi. Kila asubuhi nakaa chini nakagua mguu uliobaki wa mama, kisigino, wayo, katikati ya vidole. Nikidhani nimemaliza, mama hunishika kichwa akakiinamisha karibu.

"Nusa, mwanangu," huniambia.

Nami nanusa.