Mwiba wa Waridi na Kisu cha Samaki

Neno hilo nililisikia bombani, kwenye foleni ya maji: eti mama mmoja wa mtaa wa pili amekatwa kidole kwa sababu ya mwiba wa waridi. Aliyelisema hakumjua huyo mama, wala aliyemwambia hakumjua. Nikalibeba hivyohivyo pamoja na ndoo yangu. Ndoo niliitua mlangoni. Neno lilikataa kushuka.

Nyumbani kwetu tuna mwaridi ulioparamia ukuta wa nyuma, kando ya mfereji wa maji machafu. Kila asubuhi kabla ya shule, binti yetu wa miaka kumi na miwili hufagia hapo. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi. Wakati huo maua yalikuwa yamekwisha, na kilichobaki kilinitia kinyaa: vichwa vya maua vilivyooza vikining'inia kama matambara, majani yenye madoa meusi, na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, wamejazana kwenye machipukizi hadi yananata ukiyashika.

"Mama, niupogoe?" Chiriku aliniuliza Jumatatu moja. "Ijumaa mwalimu wa bustani wa shuleni anapita majumbani kukagua mimea yetu. Amesema mwaridi unaochanua mara moja kwa mwaka hupogolewa maua yakiisha tu."

"Usiuguse! Hujasikia habari ya yule aliyekatwa kidole? Subiri ninunue glavu."

Baba yake, fundi viatu, akacheka. "Mama Chiriku, wewe hata maziwa baridi unayapuliza."

"Cheka tu," nikamwambia. "Vidole ni vya mtoto, si vyako."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha nikiwa kazini, ninakoshona sare. Niliporudi nilikuta matawi yamelala mferejini ndani ya uteute wa maji machafu, na mwaridi umenyolewa vibaya, huku juu, huku chini.

"Nani amefanya hivi?"

"Labda mbuzi," akasema Chiriku, mkono mmoja nyuma.

"Mbuzi mwenye kisu?" baba yake akauliza.

Kisu chenyewe kilikuwa pale chini. Kilikuwa kisu changu cha kuparia samaki, magamba bado yamekaukia kwenye mpini. Nikafoka hadi sauti ikakauka, kisha nikauliza nililolihofia: "Umechomwa na mwiba?"

"Sijachomwa, mama. Hata kidogo."

Nikaamini. Jumatano chumba chake kikaanza kunuka. Ilikuwa harufu nzito, ya utamu mbaya, kama nyama iliyosahauliwa. Nikajua panya amefia ndani. Nikasogeza kabati, nikainua godoro, nikapiga deki mara mbili. Nilichopata ni soksi moja na ganda la ndizi lililoota ukungu wenye manyoya. Nikavitupa vyote, lakini harufu ikabaki.

Alhamisi asubuhi niliona jambo lililonitisha kuliko panya. Chiriku alikunywa chai bila kusema neno, na kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto.

"Lete huo mkono."

"Hauna kitu, mama."

"Lete!"

Kidole cha kati kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nilikitambua: ni kile tunachofutia meza. Nilipokifungua, harufu ikanipiga usoni. Chini yake dawa ya meno ilikuwa imechanganyika na usaha wa manjano, ngozi imevimba hadi inang'aa, na mstari mwekundu umeanza kupanda kutoka kiganjani kuelekea kiwiko.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Akaangua kilio. "Ulisema wanakata kidole."

Tulikwenda zahanati mbiombio, sote watatu.

Muuguzi, mwanamke wa makamo asiye na papara, alikitia kidole ganzi, akakipasua kidogo, na usaha ukamiminika kwenye beseni. Baba Chiriku, mcheka woga wa wenzake, akatoka nje kwenda kutapika. Kisha muuguzi akatoa kwa kibano ncha ya mwiba, nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Kitakatwa?" Chiriku akauliza.

"Hakikatwi. Lakini mstari huu si wa kuchezea. Ungekaa siku mbili zaidi, ningekupeleka hospitali kubwa, na huko sijui wangesemaje." Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge na kumwambia avimalize vyote hata kidole kikipona mapema. Halafu akatutazama mimi na Chiriku. "Mwiba huu ningeutoa Jumatatu kwa dakika moja. Uchafu ndio uliouozesha mkono, na uongo ukaupa uchafu siku tatu za kufanya kazi yake. Na wewe mama, usimtishe mtoto kwa habari usiyojua ilikoanzia. Ukimtisha, atakuficha. Mfundishe."

Niliinamisha kichwa. Alisema kweli.

Ijumaa mwalimu wa bustani akaja. Akautazama mwaridi wetu, akauliza, "Nani ameunyoa hivi?"

"Mimi, mwalimu," Chiriku akasema. "Si mbuzi."

Mwalimu akamwonyesha majeraha ya kisu, yamechanika na kuanza kuwa meusi. "Uozo unaingilia hapa, kama ulivyoingilia kidoleni mwako." Akavaa glavu, akafuta mkasi wake mkali kwa spiriti, akaanza. Alitoa kwanza matawi makavu na yenye ugonjwa, toka shinani. Matawi makuu marefu hakuyafupisha. Aliyalaza ubavu ukutani na kuyafunga kwa kamba laini, kwa kuwa maua hutokea kwenye vitawi vya pembeni. Vitawi hivyo ndivyo alivyovifupisha, kila kimoja akikiachia macho mawili au matatu, yaani vinundu vya kuchipulia, akikata kimshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Chiriku alimwandama kwa maswali hadi mwalimu akasema, "Pumua kwanza, mwanangu." Hapo nikajua Chiriku wetu amerudi.

Nawe unayesoma, epuka haya:

Usipogoe mwaridi mvua ikinyesha au matawi yakiwa na maji. Ngoja asubuhi kavu.

Usitumie kisu cha jikoni, wala chombo butu au kichafu.

Usiingize mikono mitupu kwenye miiba.

Usiyakate matawi makuu yote kwa mkupuo.

Usiache kisiki kirefu juu ya jicho, kitaoza.

Usitupe matawi yenye ugonjwa mferejini wala chini ya mmea.

Usipake dawa ya meno kwenye kidonda, wala usikifunge kwa tambara la meza.

Usifiche kidonda, hata kama ulikipata kwa kufanya ulilokatazwa.